Nani Anamkatia Ng'ombe Majani

Hivi wewe unayesoma hapo, ukivunjika mguu leo, ng'ombe wako atakatiwa majani na nani?

Usinijibu haraka. Na usiniambie huna ng'ombe, kila mtu anaye. Mmoja ng'ombe wake ni ng'ombe kweli, mwenye pembe. Mwingine ni mtoto aliyemwachia jirani anayependa kulala. Mwingine ni mume ambaye hajui chumvi inakaa wapi. Mimi nimefanya kazi wodini tangu nina meno yote, na nawaambia, mgonjwa haji hospitali peke yake, anakuja na huyo ng'ombe kichwani. Mkimtibu yeye mkamwacha ng'ombe, mtashangaa dawa imekosea wapi.

Na mimi mwenyewe swali hili limenikaba. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Juzi nimepita njiani nikaitikia "marahaba", kumbe ni nguzo ya umeme, wala haikuwa imenisalimia. Vijana wa pale hospitali nilikostaafu wamenipigia simu, "Bibi njoo tukutoe, ni kazi ndogo." Ndogo kwao. Ukishatolewa huinami, hubebi mzigo kichwani, vumbi lisikuguse, wiki na wiki. Na bandani kwangu amesimama Jumanne, ana mimba, anakula kama analipwa. Nikiacha kuinama mimi, nani anainama? Wanasema nikichelewa sana nitabaki gizani. Bado nafikiri. Wakati nafikiri, nawasimulia.

Anayeandika ni mjukuu wangu Anjela, mtoto wa binti yangu, amemaliza chuo anasubiri kazi. Mimi shule niliishia darasa la nne. Kusoma nasoma, ila kuandika mkono wangu unatembea kama kinyonga. Kwa hiyo naongea, yeye anabonyeza simu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Ana kucha za kubandika ndefu kama za mwewe, zinagonga kioo cha simu ko ko ko. Mkikuta neno limekosewa, ni kucha.

"Bibi, hiyo siandiki."

Ameandika.

Ni nyie wenyewe mnaobaki wodini mliniomba, siku ile ya kuniaga. Mlinipa kitenge, mkanishikisha kipaza sauti, mkasema bibi tuachie maneno. Nikasema asante nikakaa. Siyo kwamba sikuwa na maneno, nilikuwa na keki mdomoni. Haya, keki imeshuka.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo, dekio, na gauni la bluu lililoshonwa kwa ajili ya mtu mwenye nyama kuliko mimi. Aliyenipokea ni Mama Mkunde, mhudumu mkongwe wa wodi ya wanawake, mama mfupi, Mkatoliki wa Kibosho. Akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Machame, Mlutheri. Akanipima na macho, akasema, "Haya. Mungu ni mmoja, sakafu ndiyo nyingi." Akanikabidhi korido.

Yeye ndiye alinifundisha kazi. Cha kwanza, kudeki unarudi nyuma. "Ukienda mbele unakanyaga ulichosafisha," alisema, "utaonekana una bidii, ila hufiki." Cha pili, ukimpa mtu bedpani, geuka uangalie dirishani, hata kama dirishani hakuna kitu. Usiangalie ukuta. Ukuta unaonyesha umekasirika. Na cha tatu, ambacho nilikiona cha kijinga mpaka nilipokielewa, ni kuangalia chini ya kitanda kabla hujamuuliza mtu hali.

"Kuna nini chini ya kitanda?" nikamuuliza.

"Ndugu zake," akasema, akaendelea kukamua dekio.

Ni kweli. Mtu mwenye ndugu, uvungu wake haudekiki. Kuna hotpoti, kuna chupa ya chai, mkungu wa ndizi mbivu, ndala za watu watatu, beseni, mfuko wa nguo ambao haujulikani ni wa nani. Unasogeza vitu mpaka mgongo unauma. Mtu asiye na ndugu unapitisha dekio mara moja, shwaa, umemaliza. Ndiyo maana sisi wahudumu tunawajua wapweke mapema. Ni wepesi kudeki.

Mambo ya vyeo na mshahara siyasemi. Vyeo sikupata, na mshahara habari yake ni fupi kama wenyewe.

Baadaye nikahamishiwa wodi ya wanaume. Huko nilimkuta babu mmoja wa Rau, alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Kidonda hakifungi. Saa ya kula, ndugu wa wenzake wakija na vyakula, na yeye anatoa hotpoti lake kabatini, anajifunika shuka mpaka kichwani, unasikia kijiko kinagonga, kwa, kwa, kwa. Akimaliza anafuta mdomo, anasema, "Wamenipikia vizuri leo." Nikampenda kwa vile alikuwa hasumbui. Siku moja nikachukua lile hotpoti nikalioshe. Lilikuwa kavu kama jiwe la juani. Hata harufu halikuwa nayo. Babu alikuwa anakula sauti ya kijiko.

Sikumwambia mtu yeyote pale wodini. Nilimwambia mpishi tu, kule jikoni. Kuanzia hapo nikawa nalichukua "kuliosha" asubuhi, linarudi lina uzito. Babu akafunua, akaangalia, akajifunika shuka. Kijiko kikagonga kwa mlio mwingine. Baadaye akanitolea kichwa nje ya shuka akaniambia, "Leo wamezidisha chumvi." Kidonda kilifunga.

Mwingine alikuwa kijana wa Himo, mbeba mizigo kwenye magari pale njia panda. Aliandikiwa vidonge, kimoja baada ya kila mlo, mara tatu. Akaruhusiwa, akarudi amezidiwa. Sista akamfokea, "Dawa hukumeza!" Akasema nimemeza, baada ya kila mlo. Sista akahesabu vidonge vilivyobaki, vingi. Akamfokea tena. Yule kijana akasema taratibu, "Sista, mimi nakula mara moja." Alifuata maelekezo vizuri kuliko sisi tulioyatoa.

Sasa naja kwa Mama Eli. Huyu ndiye sababu ya mimi kuongea.

Nilikuwa nimesharudi wodi ya wanawake. Mama Mkunde alikuwa ameshastaafu, sakafu zote ni zangu. Analetwa mama wa umri wangu, mjane, wa Machame kama mimi ila ng'ambo ya korongo, kitongoji kingine. Alianguka akipandisha kutoka korongoni, amevunjika mfupa wa paja. Walimleta kwenye machela ya miti, na kamba ya kufungia majani ya ng'ombe bado imefungwa kiunoni. Zamani hizo mfupa wa paja walikuwa wanauvuta. Wanapitisha chuma chini ya goti, kamba inapita mwisho wa kitanda, chini unaning'inia mfuko wa mchanga. Unalala hivyo wiki na wiki, chali, kama nguo iliyoanikwa. Tukamweka kitanda cha dirishani, apate upepo.

Mama Eli hakuwa mkorofi. Alikuwa mpole kabisa, na alikuwa hali chakula.

Uji anashukuru, haunywi. Ugali anashukuru. Tukakubaliana wenyewe, sisi watu wa huku, kwamba huyu amezoea ndizi. Mpishi akampikia mtori wa nyama, mzito, ule wa mzazi. Akaonja kijiko kimoja, akasema, "Aika, asante mwanangu, ni mtamu," akamsogezea wa kitanda cha pili. Wa kitanda cha pili alinenepa.

Tukasema basi ni upweke. Ana mtoto mmoja, Eli, yuko Dar. Sista Flora, mkuu wa wodi, mama wa Marangu asiyecheka kabla ya saa nne, akatumia simu yake mwenyewe. Eli akaongea kwa sauti wodi nzima ikasikia, mama nakuja mwisho wa mwezi. Mama Eli akasema, "Ndiyo baba. Huko mvua imenyesha?" Akarudisha simu.

Tukasema basi ni roho. Akaja mchungaji wa usharika wao, akaomba naye sala ndefu. Mama Eli akaitikia amina, akauliza, "Mchungaji, huko juu mvua imenyesha?" Mchungaji akafikiri ni swali la kiroho, akafungua Biblia tena.

Kila anayeingia anaulizwa mvua. Sisi tukachukulia ni mazungumzo tu. Mtu aliyelala chali ataongea nini?

Halafu asubuhi moja naingia na ndoo, mfuko wa mchanga uko chini sakafuni, kamba imefunguliwa, Mama Eli ameshikilia ukingo wa kitanda, jasho linamtoka, anataka kushusha mguu. Nikapiga kelele. Sista Flora akaja.

"Mama Eli, mfuko umeshukaje?"

"Umechoka kuning'inia."

"Na wewe ulikuwa unaenda wapi?"

"Kuangalia mvua."

Tukamfunga upya. Siku chache akafungua tena. Mguu ukavimba, homa ikapanda. Dokta wa wodi wakati ule alikuwa Dokta Hamisi, kijana wa Mtwara, mgeni, kwao ni korosho, ng'ombe alikuwa anamjua kwenye mchuzi. Akatuita pembeni akasema akifungua mara nyingine mfupa utashika vibaya, mguu mmoja utabaki mfupi, korongoni hatashuka tena maisha yake. Na kwa kutokula kule, mfupa utashika kwa kitu gani? Sista Flora akasema, "Dokta, tumeshajaribu yote." Na tulikuwa tumeshajaribu yote tunayoyajua sisi.

Sasa hapa nyie mnaotoka mbali mnisikilize. Sisi watu wa mlimani tuna adabu zetu. Mtu humuulizi ana ng'ombe wangapi. Na zaidi ya hapo, humuulizi ng'ombe ni wa nani. Maana wengi wanafuga ng'ombe wa mtu. Mwenye ng'ombe anakuwekea kwako, wewe unamlisha. Maziwa na mbolea ni vyako, ndama wa kwanza ni wake, wa pili ni wako. Hayo mnayajua wawili. Kumuuliza mtu hadharani ni kama kuingia jikoni kwake ukamfunulia sufuria mbele ya wageni. Kwa hiyo wodi nzima, manesi, wahudumu, wagonjwa, wote wa huku, tumemuona mama ameletwa na kamba ya majani kiunoni, na hakuna aliyeuliza. Kwa adabu.

Dokta Hamisi hakuwa na hizo adabu. Asubuhi moja yuko kwenye mzunguko, anaangalia mguu, hata kichwa hakuinua.

"Bibi, unafuga?"

Wa kitanda cha pili akaanza kukohoa, na hakuwa na kikohozi.

"Nafuga," Mama Eli akasema.

"Nini?"

"Ng'ombe."

"Wangapi?"

Sista Flora alifumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika shuka, nikaliangusha.

"Mmoja," Mama Eli akasema kwa sauti ndogo.

"Wako?"

Mimi ni Mlutheri, lakini hapo mkono wangu ulitaka kufanya ishara ya msalaba wenyewe.

"Siyo wangu."

"Sasa hivi anakula nini?"

Na hapo ndipo yule mama, ambaye hakulia alipopitishwa chuma kwenye mfupa, alilia. Alilia kama mtoto, amefunika uso na kanga. Akasema jirani anamtupia migomba akikumbuka. Migomba ni maji matupu. Kiangazi hiki hakuna jani mpaka ushuke korongoni. Ng'ombe ni wa shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, mfanyabiashara wa Himo. Anaitwa Pasaka. Si shemeji, ng'ombe. Ndama wa kwanza alishaenda Himo. Sasa ana mimba ya pili, ndama wa Mama Eli, na shemeji akisikia Pasaka amelala njaa atampakia kwenye lori amchukue, pamoja na tumbo.

"Kwa hiyo mvua ulikuwa unaulizia majani," Dokta Hamisi akasema.

"Sasa ningeulizia nini?"

Wote tukaangalia sakafu. Ilikuwa safi, niliideki mwenyewe.

Sista Flora ndiye aliyeongea kwanza. "Nani anakaa upande ule wa korongo?" Mimi nakaa upande huu, ila nikinyoosha shingo naliona banda lake. Nikanyoosha mkono, nimeshika dekio, maji yakanichuruzikia kwenye kwapa. Ndivyo nilivyopata kazi ya pili isiyo na gauni.

Nikitoka zamu ya asubuhi nilikuwa nakata ya kwangu na ya kwake. Lakini mwili mmoja, mabanda mawili, nilianza kuchoka. Wagonjwa wa wodini wakanionea huruma, wakawaambia ndugu zao. Watu wa tambarare huko chini, ambako kuna mifereji, wakija kuona wagonjwa wakawa wanakuja na ndizi mkono mmoja, mzigo wa majani ya mabingobingo kichwani, nami nikitoka zamu naondoka nao. Mlinzi wa getini alichanganyikiwa.

"Hii ni ya nani?"

"Ya mgonjwa. Kitanda cha dirishani."

"Anakula hivi hivi au mnapika?"

Na asubuhi nikiingia, kabla sijashika ndoo, natoa taarifa. Pasaka amekula. Pasaka amekunywa ndoo nzima. Pasaka amekunya vizuri, si laini si ngumu. Dokta Hamisi akizunguka anauliza kwa zamu, joto, mapigo, ng'ombe. Siku nikichelewa, Sista Flora ananisubiri mlangoni, "Mnyama vipi?" Mama Eli akisikia taarifa anavuta bakuli. Mwanzo uji. Halafu mtori. Wa kitanda cha pili akaanza kukonda. Mfuko wa mchanga ukakaa ulipofungwa, hakuna mkono ulioufikia tena.

Sasa shemeji. Habari ikifika getini imefika Himo. Jumapili moja, saa ya kuona wagonjwa, akaingia mzee mnene, koti, kofia mkononi, mkungu wa ndizi unabebwa nyuma yake na dereva.

"Shemeji, pole."

"Nimeshapoa, shemeji. Karibu."

"Nasikia siku hizi unakula majani." Alikutana na mizigo pale getini, mlinzi akamweleza alivyoelewa yeye.

Wodi ikacheka. Mama Eli naye akacheka, ila mikono imekamata shuka.

"Nikajisemea," shemeji akaendelea, anakaa vizuri kwenye stuli, "huyu mama anateseka. Nitaleta gari nimchukue Pasaka nikae naye mpaka upone."

"Hana shida, shemeji. Anakula."

"Najua anakula. Ila upumzike."

"Na akizaa?"

"Akizaia kwangu," akasema, "tutaongea."

Nyie ambao hamjui, "tutaongea" kwa jambo la ng'ombe maana yake hamtaongea. Mama Eli alisogeza bakuli pembeni. Niliona lile bakuli linavyosogea, nikajua kesho nitaokota mfuko wa mchanga sakafuni. Mwenye ng'ombe ni mwenye ng'ombe.

Dokta Hamisi alikuwa pembeni anamsikiliza kifua mgonjwa mwingine. Akatoa vile vidude masikioni.

"Samahani, shikamoo mzee."

"Marahaba, daktari."

"Huyo ndama aliye tumboni ni wa nani?"

Jamani. Vikombe vilisimama njiani kwenda mdomoni. Wodi imejaa, kila kitanda na wageni wake, wazee wa Kibosho, wamama wa Machame, mtu na mkwewe. Na kwetu neno la ng'ombe likisemwa mbele za watu limefungwa, halifunguki tena. Ndiyo maana hatuulizi. Na ndiyo maana wengine wanapenda tusiulize.

Mzee akageuza kofia mkononi. Akaangalia huku, akaangalia kule. Kila mahali kuna macho.

"Ni wa... ni wa shemeji," akasema. "Si ndiyo kawaida?"

"Tumesikia," akasema wa kitanda cha pili, hata hakuulizwa.

"Tumesikia," wakasema wa mlangoni.

"Basi abaki huko huko," shemeji akasema, akavaa kofia ndani ya wodi, jambo ambalo Sista Flora haliruhusu, ila siku hiyo alimwachia.

Mpaka leo sijui kama Dokta Hamisi alijua anachofanya. Nilimuuliza akiwa ananawa mikono. Akasema, "Mimi nilitaka kujua tu." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuliza saa.

Mfupa ulishika. Mama Eli aliondoka na magongo, mguu umepungua kidogo tu, anachechemea kama anakanyaga muziki. Pasaka alizaa jike. Tukamwita Pentekoste, kwa kuwa alikuja baada ya Pasaka. Na mtoto wa Pentekoste, Mama Eli akaja kumweka kwangu, kwa masharti yale yale, maziwa na mbolea vyangu, wa kwanza wake, wa pili wangu. Huyo wa pili ndiye mama yake Jumanne. Sikukuu zilikuwa zimetuishia.

Kwa hiyo wanangu, joto mtapima, presha mtapima, siku hizi mna mashine zinapiga kelele zenyewe. Sina la kuwafundisha hapo. Ila mkishamaliza mzunguko, kabla hamjaenda kitanda kingine, muulizeni mtu kaacha nini nyumbani kinachokula. Muulizeni hata kama ni aibu. Msipoweza, mtafuteni mgeni wa Mtwara.

Sasa mimi niliyeyasema haya yote ndiye ninayeikimbia simu ya hospitali. Nimekimbia tangu masika. Na huyu Anjela, tumeandika siku kadhaa sasa, leo zile kucha sizisikii tena. Nikafikiri simu imezima.

"Bibi," akasema, "na wewe hatujakuuliza."

"Mmenisalimia kila siku."

"Hatujakuuliza ng'ombe."

Nikageuka nikaangalia dirishani. Kwa adabu.

Akainuka akamwita Mama Eli, ambaye yuko hapa kwangu nje anakunywa chai, anakuja kila wiki na fimbo yake kukagua uzao wa Pasaka. Akamkalisha hapa kitini. Halafu akanishika mkono akauweka juu ya vidole vyake, maana kuona sioni vizuri. Nikapapasa. Hakuna mwewe. Ni vidole vya mtu, kucha fupi, na pembeni kidonda kibichi cha mundu. Kumbe tangu juzi anaenda kujifunza korongoni.

"Ameshika mundu kama kijiko," Mama Eli akasema. "Nimemwelekeza."

Nikamwambia Anjela, aandike mwenyewe, kwa mdomo wake, ili nyie wote mnaosoma muwe mmesikia. Akaandika hivi:

Mimi Anjela nitamkatia Jumanne majani, asubuhi na jioni, mpaka bibi atakapojua mwenyewe ni nani amemsalimia njiani. Na kila asubuhi nitamletea taarifa wodini, amekula nini, amekunywa kiasi gani, na lile lingine pia.